Ramani ya Majivu ya Got Rateng'

Siku yangu ya kwanza kazini Migori niliambiwa ninyamaze. Nilikuwa nimevaa sketi mpya niliyoshonewa Homa Bay kwa ajili ya siku hiyo, viatu vinang'aa, na kichwani nimepanga hotuba nzima ya kujitambulisha. Afisa wa Mipango wa Wilaya, bwana mrefu aliyekuwa akitafuna njugu huku akisoma faili, hakuniacha nifike katikati.

"Mama, wewe umetoka Maendeleo ya Jamii, sivyo?"

Nikasema ndivyo.

"Huko mlizoea kuhubiri. Choo, lishe, uzazi wa mpango. Hapa kazi yako ni kunyamaza. Unauliza swali moja, halafu unafunga mdomo mpaka wananchi waongee wenyewe. Utaweza?"

Mimi kunyamaza! Waulize watu wa kwetu Kochia kama nimewahi. Lakini nilihitaji kazi, nikasema nitaweza, na kweli nilijifunza.

Vijana mnaoajiriwa siku hizi kukusanya maoni ya umma, mkipewa fulana na kofia, mnadhani kazi hii ilianza nanyi. Haikuanza nanyi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wilaya yetu ilipokatwa kutoka ile kubwa ya Kusini mwa Nyanza, ofisi zilikuwa bado zinanuka rangi na sisi tuliohamishwa kutoka Homa Bay tuliangaliwa kama wake wa pili. Wakati huohuo wafadhili walikuwa wamechoka kujenga vitu visivyotumika. Josho bila ng'ombe, zahanati bila dawa. Wakasema sasa hakuna mradi mpaka wananchi waulizwe. Mbinu hiyo iliitwa mbinu shirikishi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliotumwa vijijini kuifanya.

Ilifanywa hivi. Mnafika kijijini, mnaomba wanawake wakae kivyao na wanaume kivyao, maana kwetu mwanamke hatabishana na baba mkwe wake mbele ya watu. Kisha mnaomba majivu. Kwa majivu watu wanachora kijiji chao chini, kwenye udongo uliofagiwa: njia, mto, mashamba. Jiwe ni nyumba, kijiti ni mti, jani ni shamba. Hatukutumia karatasi, kwa sababu anayeshika kalamu ndiye mwenye ramani, lakini iliyo chini mtu yeyote anaweza kuifuta kwa mguu na kusema, "Aa, hapo sipo." Baadaye kila mtu anapewa konzi ya punje za mahindi, naye anaziweka mbele ya shida inayomuuma zaidi. Punje zilikuwa za kuanzisha tu. Kazi yenyewe ilikuwa mabishano yaliyofuata, watu wakiulizana kwa nini umeweka huku na si kule, mpaka wafikie neno moja. Afisa wa Mipango alituonya tusiyakatize mabishano hata jua likizama.

Basi nikatumwa Got Rateng', ukipita Macalder kuelekea Muhuru Bay. Kijiji kilikuwa na pande mbili. Upande wa mlima walichimba na kuchekecha dhahabu, na mto wao ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Upande wa ziwa walianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, wakanywa maji yaleyale waliyooshea samaki na nguo. Kati yao palikuwa na safu ya mikonge iliyopandwa kama mpaka, na ugomvi wa mpaka huo ulikuwa umefikia pabaya. Hawakuzikana. Mtu wa ziwa akifa, wa mlima hawaji matangani, na wa mlima akifa, wa ziwa vivyo hivyo. Kwa Mjaluo, mkishafika hapo hakuna kilichobaki kati yenu.

Upande wa ziwa nilimkuta Mama Perez. Alikuwa mjane, kiongozi wa wanawake waanika omena, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya pili. Alikuwa amezika watoto wawili kwa ugonjwa wa kuhara. Alinitazama nikimwaga majivu, akaniuliza kwa Kijaluo, akiniita binti wa Kochia, "Nyar Kochia, serikali imeishiwa karatasi?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akalala chini. Nikacheka nao, kisha nikauliza swali langu moja, nikanyamaza.

Jamani, waliongea! Waliongea siku ile na kesho yake. Punje za wanawake wa pande zote mbili zilirundikana mbele ya jiwe moja, la maji. Za wanaume zilikuwa zimetawanyika, nyingine barabara, nyingine josho, mpaka Perez alipovunja desturi, akatoka kwa wanawake na kusimama mbele ya wazee. Hakupaza sauti. Aliwauliza tu kila mmoja alizika mtoto wa nani mwaka uliopita na alikufa kwa nini. Wazee wakainamisha vichwa. Polepole zile punje za josho zikaanza kusogezwa.

Likabaki swali la wapi. Kila upande ulitaka kisima cha pampu kiwe kwao. Hapo ndipo Mzee Okumu, mkubwa wa upande wa mlima, mtu ambaye hakuwa amemsalimu mtu wa ziwa kwa miaka, aliinuka na fimbo yake, akatembea juu ya ramani kwa uangalifu asivuruge majivu, akagusa ule mstari wa mikonge.

"Kikikaa kwetu watasema ni chetu. Kikikaa kwao tutasema ni chao. Kikae hapa. Shamba hili ni langu, nalitoa. Mikonge nitaing'oa kwa mkono wangu mwenyewe."

Perez aligeuka kuwatazama wenzake. Wanawake wake wangetembea mbali zaidi kuliko kwenda ziwani, na alijua watamlaumu. Kisha akasema, "Tutatembea."

Nawaambieni, nimehudhuria mabaraza mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, sijaona kama lile. Mzee Okumu aling'oa mikonge kesho yake. Na juma lile alipofariki kikongwe mmoja wa upande wa ziwa, watu wa mlima walishuka na jembe na sufuria, wakachimba kaburi pamoja. Nililia kama mtoto. Nilikuwa nimeiamini kazi yangu.

Tulipokuwa tukifunga virago, nilimkuta Perez akikata matawi ya miiba na kuyazungushia ile ramani ya majivu.

"Unafanya nini?"

"Isikanyagwe na ng'ombe. Itakaa hapa mpaka maji yaje, tuone kama yamekuja pale tulipochora." Akaniangalia. "Hili neno letu litafika?"

"Nitalifikisha."

Nikalifikisha. Hilo hakuna anayeweza kunisuta nalo. Nilinakili ramani ile jiwe kwa jiwe, nikaiwasilisha kwa Afisa wa Mipango, naye akaipeleka mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Wilaya. Kamati hiyo ilikuwa chini ya Mkuu wa Wilaya, ambaye sote tulimwita Disii, mtu mnene mwenye adabu aliyependa kusema "tusonge, tusonge" hata jambo likiwa halijaisha. Mimi nilikaa nyuma ukutani pamoja na makarani. Ilipofika zamu ya Got Rateng', Diwani wa eneo lile alinyoosha mkono akasema kisima kingelindwa vizuri zaidi kikiwa sokoni, upande wa mlima, karibu na lango lake, kwa kuwa yeye ana mlinzi. Nikangoja mtu aseme neno kuhusu mikonge.

Disii akauliza, "Hawa wananchi waliulizwa, ama hawakuulizwa?"

"Waliulizwa, Mkuu," akajibu Afisa wa Mipango.

"Basi andika kwamba walishirikishwa. Tusonge."

Ikaisha. Nilimfuata Afisa wa Mipango hadi ofisini kwake, sikungoja kuitwa. Nilimwambia yote: mikonge, mazishi, miiba. Nilimwambia watu wale walikuwa hawazikani, na kwamba mmoja ametoa shamba na mwingine amekubali kutembea, kila mmoja kwa sababu ya neno la mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Akatoa njugu mfukoni, akaziangalia, akazirudisha.

"Nyar Kochia, tulisema tutawauliza. Hatukusema tutawajibu."

"Sasa tuliwauliza kwa nini?"

"Kwa sababu mfadhili alitaka waulizwe."

Niliandika kupinga, nikaenda kwa Disii mwenyewe, nikapigwa danadana wiki nzima kwenye benchi lake. Majibu niliyopata yalikuwa uhamisho. Nikapelekwa Kegonga, kwa Wakuria, mahali pa mahindi na baridi ya asubuhi, ambapo sikuwa najua lugha hata ya kuomba maji. Mkalimani wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Siku ya kwanza nilipomwaga majivu, mzee mmoja aliuliza jambo, watu wakageuka kunitazama. Mwalimu akanitafsiria: "Anauliza, hili ni swali la kujibiwa au ni swali la kuulizwa tu?"

Habari zilikuwa zimenitangulia. Nilifanya kazi pale kwa miaka kadhaa, na watu wa Kegonga walikuwa wema kwangu, walinipa maziwa na ndizi, lakini punje zangu waliziweka popote, kama mtu anayemridhisha mgeni. Mama mmoja aliwarushia kuku punje zake mbele ya macho yangu. "Wao angalau watashiba," akasema.

Baadaye nikarudishwa Homa Bay, ofisi ya kando ya ziwa, chini ya Afisa wa Maendeleo ya Jamii, mama mcha Mungu aliyeanza kila mkutano kwa sala na kuumaliza kwa lawama. Nilikuwa huko mwaka wa ile mvua kubwa iliyozoa madaraja. Vyoo vilifurika, mito ikabeba kila uchafu hadi ziwani, na kipindupindu kikashuka pwani ya ziwa kijiji baada ya kijiji. Afisa wa Afya ya Umma wa Migori alituma gari kunichukua. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mama, Got Rateng' hawaji barazani. Tuna dawa ya kutia kwenye maji, tuna chumvi ya kuwanywesha wagonjwa, lakini hawaji. Nimeambiwa wewe wanakujua."

"Wananijua, ndiyo," nikamwambia. "Hiyo ndiyo shida."

Tulifika mchana. Chifu alipiga filimbi, askari wake wakazunguka, na uwanja ukabaki mtupu na mbuzi watatu. Mikonge ilikuwa imepandwa upya, mipya na minene. Mashine ilipochimba kisima kwenye lango la Diwani, watu wa ziwa walisema Mzee Okumu alikuwa amekula njama naye tangu mwanzo, kwamba lile shamba lilikuwa chambo. Mzee alitukanwa njiani na vijana wa umri wa wajukuu wake. Basi akarudisha mpaka wake, na mazishi yakarudi kuwa ya upande mmoja. Kisima chenyewe kilikuwa na kufuli, na hata watu wa mlima walifunguliwa tu pale Diwani alipopenda. Kama tusingewauliza, wangebaki na ugomvi wao wa zamani na matumaini kidogo kwamba siku moja mtu atawauliza. Tuliwachukulia hata hilo.

Ile miiba ilikuwa bado imesimama. Ndani yake hapakuwa na kitu, mvua ilikuwa imefuta majivu yote, yamebaki mawe machache yasiyosema ni nyumba ya nani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja. Perez alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Hakunisalimu kwa utani.

"Umekuja kuuliza au umekuja kusema?"

"Nimekuja kusema. Perez, maji ya ziwa yanaua. Tia dawa hii, au uyachemshe. Waambie wanawake."

"Niwaambie mimi?" Akacheka kicheko kikavu. "Niliwaambia mara moja. Niliwaambia wamwage maneno yao mbele yako, wakamwaga. Mdomo wangu umekwisha, Nyar Kochia. Wanasema waliokula maji yetu ndio leo wanaleta dawa ya kutia ndani ya maji. Wanasema ni ya kufunga wanawake wasizae."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakuamini. Lakini mimi ni nani?"

Hata hivyo aliibeba ile dawa, nami nikafuatana naye. Tulibisha mlango kwa mlango. Wengine waliitikia kwa heshima na kuiweka juu ya kabati, wengine hawakufungua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa walikuwa wameumwa na sisi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanawe, ambaye alikuwa amekwenda machimboni Macalder. Mkewe, Adhiambo, alikuwa akigeuza omena juu ya nyavu, mtoto mgongoni. Alipiga magoti kidogo kumsalimu mama mkwe wake, akasikiliza yote, kisha akasema taratibu:

"Mama, nakuheshimu. Ulisema tutoe neno, tukatoa. Ukasema tungoje, tukangoja. Leo unataka nitie dawa ya watu haohao kwenye mtungi anaonywea mtoto wangu? Yawa, hapana. Nisamehe."

Perez hakubishana. Yule mwanamke aliyewainamisha wazee kwa maswali mawili alisimama pale na chupa mkononi. Alimwomba angalau ampe mtoto akae naye siku chache. Hilo Adhiambo alilikubali, akamfungua mtoto mgongoni, akampa.

Adhiambo alikufa juma lile. Alianza kuhara asubuhi, na walipopata baiskeli ya kumbeba hadi zahanati alikuwa amekwisha kauka. Mtoto alipona, kwa kuwa alikuwa akinywa kwenye mtungi wa bibi yake.

Watu wa afya walitaka azikwe haraka na watu wachache, na chochote kitakachonywewa matangani kichemshwe. Nilikuwepo. Kuni zilikuwa zimelowa kila mahali, wanawake wanapuliza moshi mpaka macho yanatoka machozi ya aina mbili. Perez aliinuka katikati ya kilio, akachukua panga, akaenda uwanjani. Nilimfuata. Alikuwa akikata ule uzio wa miiba, tawi kwa tawi, matawi ya miaka yaliyolowa nje tu, ndani makavu, na kuyafunga mzigo.

"Perez, mama, wacha. Tutatafuta kuni nyingine."

Hakusimama. Mikono yake ilikuwa inatoka damu.

"Si mlisema tuchemshe maji?"

Nikashika upande wa pili wa mzigo, tukaubeba pamoja. Miiba ile iliwaka vizuri sana, ilichemsha sufuria baada ya sufuria, na siku ile waombolezaji wote walikunywa maji safi. Mzee Okumu alisimama ng'ambo ya mikonge, kofia mkononi, tangu jeneza lilipotoka mpaka udongo uliporudishwa. Hakuna aliyemwita, naye hakuvuka.

Nilistaafu kutoka Homa Bay. Walinipa saa ya ukutani na hotuba, na Afisa aliyekuwapo akasema nimetumikia wananchi kwa uaminifu. Nilikaa nikijiuliza ni wananchi wapi. Watu huniambia mambo yamebadilika, siku hizi kuuliza wananchi kumo kwenye sheria, hakuna bajeti bila maoni ya umma. Najua. Nasikia spika zikipita na magari. Huenda nimekuwa mzee mwenye kinyongo. Lakini nimeona imani ya watu ikikusanywa punje kwa punje kwa siku mbili na kumwagwa kwa neno "tusonge", na sijaona mahali popote palipo na mbegu ya kuipanda tena. Serikali isiyouliza, watu huinung'unikia tu, wakaendelea na maisha yao. Serikali inayouliza na kuziba masikio huwafanya wasiaminiane hata wao kwa wao, mkwe na mkwe, nyumba moja. Kama huna uwezo wa kujibu, mwanangu, chukua hiyo fulana uirudishe.

Juzi binti mmoja wa kaunti alifika hapa kwangu Kochia, mpole, viatu vimejaa vumbi, simu mkononi ya kuandikia. Akaniuliza ningependa wafanye nini kwanza, barabara, maji au hospitali. Kisha akanyamaza akingoja, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa mimi.

Nikamuuliza, "Nikikuambia, nani atanijibu?"

Akashangaa kidogo. "Hiyo sijui, Mama. Mimi kazi yangu ni kuuliza tu."

Nikamvutia kiti, nikamwambia apumzike, jua ni kali. Nilimpa chai. Nilimpa maji ya kunywa, niliyoyachemsha mwenyewe. Maoni sikumpa.